Kabla ya Kuingia Shimoni

Watu wa Goma na wa Sake, kando ya Ziwa Kivu, wanalijua vema neno mazuku. Ni mabonde madogo katika nchi ya mawe ya volkano, ambamo gesi hutoka ardhini bila moshi na bila rangi. Mbuzi hushuka kula majani, asipande tena. Mtoto akitumwa kumrudisha, naye yu katika hatari ile ile. Bonde lile halina paa, wala ukuta wa matofali, wala mlango. Ukiinua macho waona mawingu. Hata hivyo hewa ya mle ndani yaua.

Sababu yake si uchawi. Gesi ile, ambayo wataalamu huiita dioksidi ya kaboni, ni nzito kuliko hewa. Uzito wake wapata mara moja na nusu ya uzito wa hewa. Basi hutulia chini kama maji katika beseni. Mtu mzima aliyesimama aweza kuwa na kichwa chake juu ya gesi, na mbwa aliye miguuni pake akawa amekwisha kuzama. Usiku, pasipo upepo wa kuitawanya, hatari yazidi.

Tumeanza na mazuku ili kila mmoja afahamu jambo moja: hewa mbaya yaweza kulala shimoni kama maji, na jicho lisiione. Lakini leo twataka kusema habari za viwanda na karakana, ambako baba zetu na kaka zetu wengi hupata riziki yao. Huko nako kuna mabeseni ya hewa mbaya, ila yamefanywa kwa mikono ya watu: matangi, visima, maghala marefu ya nafaka, mifereji ya maji machafu, mashimo ya pampu. Sheria za kazi za nchi nyingi huyapa yote jina moja, nasi kwa Kiswahili tutasema «mahali palipofungika».

Sasa swali letu ni hili: mfanyakazi atajuaje kwamba mahali alipotumwa ni mahali palipofungika? Msidhani kwamba ni swali la watu wa ofisini tu. Jibu likikosewa asubuhi, jioni yake watu wa nyumbani wanalia.

Watu watatu wa Key Largo

Tarehe 16 Januari 2017, katika mji wa Key Largo, jimbo la Florida huko Marekani, wafanyakazi walikuwa na kazi barabarani, karibu na nyumba za watu. Palikuwa na shimo la mfereji lenye kifuniko, kina chake kama mita 4 na nusu. Mtu mmoja alishuka. Hakupanda. Wa pili akashuka kumtafuta, naye hakupanda. Wa tatu akawafuata. Wote watatu walikufa mle.

Zimamoto walipofika, mmoja wao alitaka kushuka, lakini tundu lilikuwa jembamba, chupa ya hewa ya mgongoni haikupita. Akaiacha juu, akaingia bila hiyo. Mara akazimia. Wenzake walimtoa akiwa hai, lakini hali yake ilikuwa mbaya sana. Mle shimoni majani yalikuwa yameoza kwa muda mrefu, na kutoka katika uozo huo zilikuwa zimezaliwa gesi mbili: salfidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu, na methani, ambayo hushika moto.

Fikirini, wasomaji. Yule wa pili hakuwa mjinga, wala yule wa tatu. Waliona mwenzao yu taabuni, wakafanya kama moyo ulivyowaamuru. Na mambo haya si ya Key Largo peke yake. Mwaka 1986 taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama wa wafanyakazi ilitoa onyo kwamba, katika watu waliokufa mahali palipofungika, zaidi ya 60 katika kila 100 walikuwa watu walioingia kuokoa wengine. Wachunguzi wengine baadaye walipata hesabu ndogo kuliko hiyo. Lakini hata hesabu ndogo yatosha kutuonya. Shimo la namna hii halishibi mtu mmoja. Lamkamata wa kwanza, kisha lamtumia kuwavuta rafiki zake.

Ndiyo sababu ni lazima mahali papewe jina lake kabla mtu hajaingia. Shimo lenye jina huwekewa mlinzi, kamba na kipimo. Shimo lisilo na jina huingiwa tu.

Maswali matatu

Mwaka 1993 serikali ya Marekani ilitoa sheria juu ya mambo haya kwa viwanda vyake. Ndani yake mna maswali matatu, nayo ni mepesi hata mwanafunzi aweza kuyashika kichwani.

Swali la kwanza: Je, mtu aweza kuingia na mwili wake wote, akafanya kazi mle? Sanduku la nyaya ambalo mkono tu hupita lina hatari zake, lakini si mahali palipofungika.

Swali la pili: Je, kuingia na kutoka ni kwa shida? Kama ni lazima kupanda ngazi ya kusimama wima, au kutambaa, au kupenyeza mabega katika tundu, jibu ni ndiyo. Hata mlango wa kawaida waweza kuwa wa shida, ikiwa nyuma yake mabomba na mashine zimejaa hata mtu hawezi kukimbia.

Swali la tatu: Je, mahali hapo hapakufanywa ili watu wakae wakifanya kazi? Angalia kusudi la aliyepajenga. Tangi lilijengwa likae mafuta, si mtu. Mfereji ulijengwa upitishe maji. Kama mtu huingia mara moja kwa mwaka kusafisha, hilo halipageuzi kuwa chumba cha kazi. Wala usihesabu dakika: dakika mbili ndani ya tangi ni kuingia tangini.

Majibu yote matatu yakiwa ndiyo, hapo ni mahali palipofungika. Angalieni vema, hakuna swali linalosema: «Je, pana paa?» Tangi kubwa lililo wazi juu, ambalo mtu hushuka kwa ngazi, laweza kuwa mahali palipofungika sawa na tangi lenye kifuniko. Kumbukeni bonde la mazuku.

Na kuingia ni nini? Sheria hiyo yasema kwamba kiungo chochote cha mwili kikipita mdomo wa tundu, mtu amekwisha kuingia. Basi yule ainamaye na kutia kichwa «aangalie tu», ameingia. Kichwa ndicho kivutacho pumzi.

Tuyajaribu maswali

Katika viwanda vya madini, kama vile vya Katanga, mna vinu vikubwa vya kusagia mawe, mfano wa pipa lililolala. Mafundi huingia kwa tundu dogo kubadili mabamba ya chuma ya ndani. Mwili waingia? Ndiyo. Kutoka ni kwa shida? Ndiyo. Hapakufanywa kwa kukaa watu? Ndiyo. Basi jina lake tunalo.

Ghala refu la mahindi: ndiyo mara tatu. Tangi la maji lililo juu ya minara ya chuma: ndiyo mara tatu. Bohari yenye mlango mpana ambao lori hupita: hapana, maana mtu hutoka humo akikimbia.

Lakini shimo la gereji, ambalo fundi husimama chini ya gari, je? Hapa watu hubishana. Mmoja asema: limefanywa kwa kazi, tena lina vidaraja vizuri vya kutokea. Mwingine asema: petroli ikimwagika, mvuke wake ni mzito kuliko hewa, utashuka na kukaa mle. Wote wawili wana haki. Na hapa sheria ya Uingereza ya mwaka 1997 yatusaidia, kwa sababu yashika njia nyingine. Hiyo yauliza hivi: kwa kuwa mahali hapa pamezungukwa, je, twaweza kutazamia hatari kubwa? Nayo yataja hatari hizo: moto au mlipuko, joto la kumzimisha mtu, gesi mbaya au upungufu wa hewa, maji yanayopanda na kumzamisha, na vitu kama nafaka au mchanga vinavyotiririka na kumfukia.

Basi, msomaji, ikiwa maswali matatu yamekuacha na shaka, uliza na swali hili la nne. Ukiona hatari moja tu kati ya hizo, yatendee mahali hapo mambo yote ya mahali palipofungika. Shaka yako imhifadhi mtu, isimwue.

Mashahidi watatu wa uongo

Watu wengi hawaulizi maswali. Huwaita mashahidi watatu, nao wote hudanganya.

Wa kwanza ni jicho. Katika sehemu 100 za hewa njema, karibu 21 ni oksijeni, ndiyo ile inayotuhuisha. Ikishuka chini ya 19 na nusu, mahali pamekuwa pa hatari. Ikishuka chini ya 6, mtu huanguka mara moja na kufa kwa dakika chache. Jicho haliwezi kuona tofauti hata kidogo. Wengine husema: «Tangi hili ni tupu, kavu, safi, limekaa limefungwa mwaka mzima.» Kumbe hiyo ndiyo hatari yenyewe! Kutu ni chuma kinachokula oksijeni. Tangi la chuma lililofungwa laweza kuila oksijeni yake lenyewe, bila sumu yoyote kuingia.

Wa pili ni pua. Salfidi ya hidrojeni hunuka kama yai bovu, na watu husema: «Tukisikia harufu tutatoka.» Lakini gesi hii ikifika karibu sehemu 100 katika milioni moja ya hewa, huua nguvu ya pua. Harufu yapotea, mtu afurahi akidhani gesi imekwisha, kumbe imezidi. Na moshi wa mashine ya petroli hubeba monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu tangu mwanzo.

Wa tatu ni mazoea. «Jana tuliingia, juzi tuliingia, hakuna neno.» Lakini mahali hubadilika. Tope lililotulia likikorogwa kwa koleo, hutoa gesi iliyokuwa imefungwa ndani yake. Pengine hatari haikuwamo, bali mfanyakazi mwenyewe ameileta: amekuja na rangi yenye mvuke, au na mashine ya kulehemu, au ameteremsha pampu ya petroli kisimani ili akaushe maji. Wachimbaji na wachimba visima walisikie jambo hili: injini ya petroli isiteremshwe shimoni kamwe. Hukausha maji, kisha humwua aliye chini.

Zamani katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza watu walichukua ndege wadogo katika vizimba. Mtaalamu John Scott Haldane ndiye aliyewashauri, mwishoni mwa karne ya 19. Ndege alianguka kabla ya mtu. Katika mwaka 1986 nchi hiyo iliamua kuwaacha na kutumia vipimo vya umeme. Na huko kwetu wako hata leo wanaoteremsha mshumaa au taa ya moto kisimani. Wasifanye hivyo. Moto waweza kuendelea kuwaka penye sumu, usiseme neno. Na penye methani au mvuke wa petroli, moto huo ndio utakaolipua shimo.

Baba Kapita na kijana

Tuwaze kiwanda kimoja, kokote katika nchi yetu. Nyuma ya karakana mna shimo la maji machafu, kina chake mita 3, wazi juu, na ngazi ya chuma ukutani. Pampu imeziba. Kapita amwita kijana aliyetoka shule ya ufundi mwaka huu.

«Mwanangu, shuka utoe kitambaa kilichoziba pampu. Dakika mbili tu.»

«Ndiyo, Baba Kapita. Lakini naomba niulize kwanza. Mwili wangu wote utaingia?»

«Utaingia, bila shaka. Wewe si mnene.»

«Na kutoka ni kwa ngazi ile peke yake?»

«Ndiyo hiyo.»

«Na shimo lilijengwa watu wakae humo?»

Kapita acheka. «Nani akae katika uchafu huu?»

«Basi, Baba, ni mahali palipofungika. Tulifundishwa kwamba mtu haingii mpaka hewa ipimwe.»

Kapita akasirika kidogo. «Liko wazi! Huoni jua linaingia mpaka chini? Mimi nimeshuka humo miaka kumi.»

«Naona, Baba. Jua laingia, lakini sijui kama upepo waingia. Nawe ukiniona nimeanguka, utafanya nini?»

Kapita anyamaza. Kisha ajibu polepole: «Nitashuka kukutoa.»

«Ndilo ninaloliogopa, Baba Kapita. Nyumbani kwako mna watoto.»

Mzee yule atazama shimo, atazama ngazi. Halafu amtuma mtu ofisini kuomba kipimo, na kazi yangoja. Kiwanda kilipoteza saa moja. Hakikupoteza mtu.

Mfano huu tumeutunga wenyewe, lakini shimo lake liko katika viwanda vingi. Kijana yule hakumvunjia mkubwa wake heshima. Aliuliza kwa adabu, na wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga.

Jina likiisha kujulikana

Kujua jina si mwisho, ni mwanzo wa kazi. Kwanza watafute njia ya kutoingia kabisa: pengine pampu yavutwa juu kwa mnyororo, pengine tangi laoshwa kwa bomba la maji kutoka nje. Mahali pasipoingiwa hapaui.

Ikiwa ni lazima kuingia, mashine zote zizimwe na kufungwa kwa kufuli, na mabomba yazibwe, ili pasiwepo mtu wa mbali wa kuwasha au kufungua. Kisha hewa ipimwe kwa kipimo cha kweli, mpimaji akiwa nje: juu, katikati na chini, maana gesi nyingine ni nyepesi na nyingine nzito. Kwanza oksijeni, isiwe chini ya 19 na nusu katika 100, wala juu ya 23 na nusu; pili gesi za kushika moto, zisifike sehemu moja ya kumi ya kiasi kinachoanza kuwaka; tatu sumu. Feni ipeleke hewa safi ndani muda wote wa kazi, na kipimo kiendelee kupima. Lakini msipeleke oksijeni ya chupa ili «kuburudisha» hewa: oksijeni ikizidi, nguo na mafuta huwaka kwa cheche ndogo.

Mlinzi abaki juu ya tundu, asiwe na kazi nyingine. Yeye azungumza na aliye chini, naye haingii, hata akisikia kilio. Aliye ndani avae mkanda wenye kamba, na kamba ifungwe juu penye chombo cha kumvuta. Hivyo akizimia, atatolewa na watu waliosimama penye hewa njema. Haya yote yaandikwe kwenye karatasi na kutiwa sahihi na mkubwa wa kazi kabla mtu hajaweka mguu kwenye ngazi. Na kama kipimo hakuna, wala feni, wala kamba, basi siku hiyo hakuna kuingia. Mkubwa wa kazi ndiye mwenye wajibu wa kuvileta. Mfanyakazi hana wajibu wa kulipa upungufu huo kwa uhai wake.

Wasomaji wapenzi, kesho mtakapopita karibu na kisima cha jirani, au tangi la shule, au shimo la pampu kazini, jaribuni maswali matatu, wakubwa kwa wadogo. Wanafunzi wayasome kwa sauti mbele ya wazazi wao jioni hii. Na siku mtakapoona ndugu ameanguka chini, iteni watu, leteni hewa, vuteni kamba, lakini msishuke bila chupa ya hewa na bila kufundishwa. Ni neno gumu, twajua. Lakini mama aliyepoteza mtoto mmoja shimoni hafarijiwi kwa kumpoteza na wa pili.